Koti la Baba, Gauni la Mwana: Mikasi ya Buyenzi Mjini Bujumbura

Mji wa Bujumbura umelala pembeni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini-mashariki, katika uwanda wa joto ambao Warundi huuita Imbo. Uso wa ziwa uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mji haikupanda sana kutoka hapo. Lakini nyuma ya mji milima huinuka ghafla. Abiria aliyeondoka mjini akiwa amefungua vifungo vya shati hufika Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, kilomita 35 hivi tu kutoka ziwani, akiwa anatafuta sweta. Tofauti hiyo ya joto na baridi si habari ya wasafiri peke yao. Inawahusu pia wauzaji wa nguo. Koti zito likifika Bujumbura lina njia mbili: ama lipande mlimani likampate mwenye baridi, ama libaki uwandani likishuka bei siku hadi siku, mpaka apatikane mtu wa kuliona kuwa si koti tena, bali ni kitambaa.

Mtu huyo aghalabu ni mama mwenye watoto, na aghalabu hupatikana Ruvumera.

Soko la Ruvumera liko Buyenzi, jirani na mtaa wa Bwiza, na kwa muda mrefu limejulikana kwa vitenge na mitumba. Sifa yake ilikua zaidi baada ya asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 1913 na miaka mia moja juu yake, yaani mwaka 2013, siku ambayo Soko Kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto na wafanyabiashara wake wakatawanyika katika masoko ya mitaani. Waliopoteza vibanda vyao katikati ya mji walitandika maturubai popote palipokuwa na nafasi, na Ruvumera ikajaa hata njia za kupita zikawa nyembamba kama uchochoro.

Marobota ya mitumba hutoka Ulaya, Amerika na Asia, na sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi hupita bandari ya Dar es Salaam kabla ya kusafiri nchi kavu. Robota likikatwa kamba asubuhi, nguo nzuri huondoka kwanza. Zinazobaki hupangwa kwa bei, kisha hurundikwa, na jua likielekea milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, rundo la mwisho humwagwa chini na kila mtu huchagua mwenyewe. Humo ndimo yanamobaki mashati ya wanaume wanene, suruali zenye viuno ambavyo vingewazunguka watu wawili, sketi ndefu za sufu, na makoti ya nchi za theluji. Mnunuzi wa kawaida hulipima shati kifuani, huliona kubwa, na kulirudisha. Mshonaji hulipindua nje ndani. Hutazama mishono kama ina akiba ya kitambaa, hulinyanyua juani aone mahali palipokwisha, huvuta kidogo kwenye kwapa asikie kama nyuzi zinalia, kisha huhesabu vifungo. Zipu nzima ndani ya suruali iliyochanika yatosha peke yake kumfanya ainunue. Na mwenye mali, kama ni mzoefu, akimwona mteja anapindua nguo badala ya kujipimia, hujua kuwa hapo hawezi kusifia mtindo. Itambidi apunguze bei tu.

Kutoka sokoni mpaka nyumbani si mbali. Buyenzi ulipangwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, uwe makazi ya Waswahili: watu wenye asili ya Manyema ya Kongo, watu wa Ujiji, na Warundi walioingia katika Uislamu. Barabara zake zimenyooka na hutajwa kwa namba badala ya majina. Nyumba ni za chini, zimeshikana, na kila moja ina ua wake nyuma. Mgeni kutoka Kigoma au Bukavu hahitaji mkalimani hapa. Kiswahili ndicho lugha ya barazani, msikitini na gereji. Maana Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Kelele za nyundo kwenye mabati ya magari huanza mapema, na katikati yake, kwenye vibaraza, husikika sauti nyingine ndogo ya haraka haraka ya cherehani za miguu.

Wanaume wengi hushona barazani, mbele ya macho ya wapita njia, kwa malipo. Ushonaji unaosimuliwa hapa uko nyuma ya hao, uani, kati ya jiko la mkaa na kamba ya kuanikia. Nyumba yenye cherehani ina bahati, na cherehani ya kukanyaga ina bahati zaidi, kwa kuwa haijui habari ya kukatika kwa umeme. Asiye nayo hukata na kupiga bandi kwa mkono nyumbani, kisha hupeleka kwa fundi wa barazani apitishe mshono mrefu tu. Kazi hiyo ya dakika chache hulipiwa kidogo sana kuliko nguo nzima. Kwa njia hiyo mama hulipia mguu wa fundi. Akili na mkasi hubaki vyake.

Shati ndilo darasa la kwanza. Shati la mwanamume la mikono mirefu hutumia karibu mita mbili za kitambaa, na gauni la msichana wa miaka minne halihitaji zaidi ya mita moja hivi. Hesabu iko upande wa mtoto. Kwanza shati hufuliwa kwa maji ya moto, ili kama litarudi lirudi kabla ya kukatwa. Likishapigwa pasi, kola na mikono huondolewa kwa wembe, mshono kwa mshono, bila kuvuta. Mwili wa shati hukatwa mstari mmoja chini ya makwapa, na hapo tayari pana sketi ya gauni, imeshonwa ubavuni, ina pindo, na ina vifungo vyake mbele. Sehemu ya juu hukatwa kutoka mgongoni, mahali ambapo shati huchakaa mwisho. Mikono nayo haitupwi: ule ukingo wenye kifungo, uliokuwa ukifunga kifundo cha mkono wa baba, hutosha kabisa kuzunguka mkono wa mtoto juu ya kiwiko. Mshonaji hukata mkono wa shati sentimita chache juu ya ukingo huo, hukusanya marinda kidogo begani, na gauni hupata mikono ya kupuliza ambayo dukani ingelipiwa bei ya sikukuu.

Hapo ndipo wengi huharibu, kwenye shingo. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa chake ni kikubwa akilinganishwa na mwili wake, na gauni lililopimwa mabegani tu litakwama masikioni, mtoto alie, mama akasirike, na mkasi upanue shingo kwa hasira mpaka gauni lianguke begani. Dawa yake ni kuzungusha tepu kichwani mwa mtoto kabla ya jambo lolote, na kuacha mpasuo wenye kifungo kimoja nyuma. Kosa la pili ni kukata kitambaa kishoroba kwa kubana nafasi. Nyuzi za nguo zina njia yake ya juu na chini. Kipande kilichokatwa mshazari kitapinda baada ya kufuliwa mara mbili, na gauni litaning'inia upande mmoja kama pazia lililokosa pete.

Suruali ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Huchakaa magotini na makalioni, lakini kuanzia chini ya goti kitambaa huwa karibu na upya. Miguu miwili ya chini, ikikatwa sawasawa, ndiyo pande mbili za kaptula ya mvulana: pindo lililopo hubaki kuwa pindo, mshono wa ubavuni hubaki mahali pake, na kazi ya mshonaji ni kuchonga mkunjo wa mapajani, kuunganisha pande hizo mbili, na kukunja kiuno kwa ajili ya mpira. Suruali nzuri ya kaki ya mtu mzima hupewa heshima ya pekee, kwa kuwa yaweza kutoa kaptula ya shule. Mikono ya sweta kuukuu nayo, kwa mbinu ileile, hutoa suruali ya mtoto mchanga, na kifundo chake cha kuvutika hubana mguu mdogo vizuri kuliko soksi.

Koti ni kazi ya waliohitimu. Lina bitana, lina vitu vigumu kifuani na pamba mabegani, na kila kimoja hufumuliwa na kuwekwa kando. Anayekuwa na haraka asiliguse. Mshangao wake ni pale kitambaa kinapogeuzwa: upande wa nje umepaushwa na jua na vumbi, na upande wa ndani, uliofichwa na bitana miaka yote, una rangi ya siku ya kwanza. Nguo iliyogeuzwa hivyo bila kubadilishwa umbo hujisema yenyewe, kwa kuwa mfuko wa kifuani huhamia upande wa kulia, na macho ya majirani ni makali. Koti likikatwa upya kuwa la mtoto, siri hiyo hupotea. Kutoka koti moja la mwanamume hutoka kijikoti cha mvulana na, kwa mkono usiopoteza, sketi ndogo ya dada yake. Na bitana hupewa jukumu lilelile ndani ya nguo mpya. Nguo hiyo haitavaliwa uwandani ila asubuhi za mvua. Itakwenda na mtoto akipelekwa kwa bibi yake Muramvya au Mwaro, ambako jioni moshi wa jikoni hukaribishwa na kila mtu.

Kuhusu kitenge lazima lisemwe neno la uzuri, si la uchumi tu. Kitenge cha mama hukwisha katikati, mahali pa kukalia, na kwenye pembe inayofungwa kiunoni. Kandokando hubaki imara. Lakini maua yake yalichorwa kwa ajili ya umbo la mwanamke mzima, na ndege wa kitenge akikatwa bila kufikiri humwangukia mtoto akiwa na bawa moja tumboni na kichwa chini ya kwapa. Washonaji wazuri hutafuta kwanza ua lililo zima, huliweka katikati ya kifua, ndipo huzungusha kipimo cha karatasi. Hupotea kitambaa kidogo. Afadhali kipotee.

Yote haya yana sharti moja ambalo akina mama wa Buyenzi hawalisamehe: nguo ya mtoto iachiwe nafasi ya kukua. Ndani ya mishono ya ubavuni hufichwa sentimita mbili, na katika pindo sentimita sita au zaidi, ambazo hufunguliwa mwaka unaofuata. Mstari uliobaki mahali pa pindo la zamani hufunikwa kwa utepe, na mtu asiyejua hudhani ni pambo.

Kazi ya kuifanya nguo moja iwe nyingine si ya jana katika nchi hii, na haikuletwa na mitumba. Kabla ya pamba kuenea, Warundi walivaa gome la mti wa umuvumu lililopondwa mpaka likalainika, na vazi hilo likiitwa impuzu. Gome limekwisha, jina limebaki. Leo Mrundi akisema impuzu ataka kusema nguo, hata kama imetoka Hong Kong. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilileta vitambaa mpaka Ujiji na fukwe za ziwa hili, na miongoni mwavyo merekani, iliyopewa jina la nchi ilikofumwa. Kitambaa kilikuwa fedha siku hizo. Kilipimwa kwa mkono, na aliyekuwa nacho hakutupa hata shubiri. Yapata karne moja na nusu baadaye nguo za Marekani bado zafika ufukweni hapa, ila sasa zimekwisha kuvaliwa.

Burundi haikukosa nguo zake yenyewe. Pamba ililimwa katika uwanda huu wa Imbo tangu enzi ya Wabelgiji, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kilijengwa mjini hapa, kwa msaada wa Uchina, kiwanda cha kusokota, kufuma na kupiga chapa kilichoitwa COTEBU. Vitenge vyake vilivaliwa mpaka vijijini. Vikaja vita vya kuanzia mwaka 1993, na baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu mpaka Januari 1999. Katika miaka hiyo kila kilichovuka mpaka kilikuwa ghali, na nguo iliyokwisha kuwamo sandukuni ikawa mali. Kiwanda chenyewe kilidhoofika, kikasimama katika miaka ya 2000, na mwaka 2010 kampuni ya Afritextile ikakichukua. Jina la Cotebu hata hivyo halikufa. Kwa wakazi wengi wa mji ni jina la soko.

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ni mwanachama wake tangu mwaka 2007, walikutana Arusha na kukubaliana kuwa mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua mpaka ikome, ili viwanda vya nguo vipate kuinuka. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka uleule kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Burundi ilikuwa imekwisha kuondolewa katika mpango huo wa nafuu tangu Januari 2016, na rundo la Ruvumera likaendelea kumwagwa chini kila jioni.

Hoja ya viwanda ni ya haki. Nchi yenye pamba na isiyojifumia nguo ina jambo la kujiuliza. Lakini katika mabishano yote yale zilihesabiwa tani, ajira na ushuru, na hakuna aliyeuhesabu ua wa nyuma. Mitumba ilizungumzwa kana kwamba hufika, huvaliwa na kwisha. Saa mbili au tatu ambazo mama hukaa na wembe akifumua koti la mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, akalifanya kuwa nguo ya mwanawe, hazimo katika daftari lolote, ingawa kama zingelipwa hata nusu ya ujira wa fundi zingekuwa kitu kikubwa katika bajeti ya nyumba.

Na wale wanaoona haya kwa kazi hii wakumbuke kuwa hata wenye nacho waliifanya. Uingereza iligawa nguo kwa kuponi kuanzia Juni 1941 hadi mwaka 1949, na mwaka 1943 serikali yake ilichapa kijitabu cha kuwafundisha akina mama kutia viraka, kufumua, na kukata nguo za wakubwa kwa ajili ya wadogo. Vita vilipopita na maduka yakajaa, ufundi huo uliwatoka wengi mikononi. Huku haukupata nafasi ya kusahaulika.

Zipo siku mbili ambazo kazi hii hupimwa. Ya kwanza ni Idi, au Noeli kwa nyumba za Kikristo, siku ambayo mtoto hutoka nje akitazamwa toka kichwa hadi miguu na watoto wenzake, ambao hawana huruma. Tuseme mama ana watoto wanne na fedha za gauni moja. Akinunua gauni hilo amewahuzunisha watatu. Akichukua fedha hizo Ruvumera na kurudi na mashati mawili, suruali moja na sketi pana, wote wanne watatoka asubuhi ya sikukuu, na mashati mawili ya kitambaa kimoja, kama akibahatika, yatawavalisha mabinti sare. Katika siku za mwisho za Ramadhani taa za vibatari na za sola huwaka usiku sana katika nyua za Buyenzi, na pasi za mkaa hupita kutoka nyumba hii hadi ile. Husikika mama akiita ukutani, "Dada, ukimaliza pasi niletee," na kujibiwa, "Subiri kidogo, shoga, nimebakiza pindo."

Siku ya pili ni ya kufungua shule, mwezi wa Septemba. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005, na watoto wakamiminika madarasani. Lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Hapo kaki ya baba huwa na thamani kuliko suti yake. Mtoto wa kwanza huvaa kaptula iliyokatwa humo, wa pili huipokea ikiwa imefunguliwa pindo na kufungwa tena, na wa tatu huipata ikiwa na viraka viwili nyuma vilivyoshonwa kwa duara, vya kitambaa kilekile kilichotunzwa mfukoni mwa sanduku tangu siku ya kwanza. Kiraka cha kitambaa kilekile hakionekani mpaka mtoto apande mti.

Kinachobaki baada ya yote hayo ni vipande visivyoweza kuvaliwa. Vikubwa huwa vya kushikia sufuria ya moto. Vidogo hujazwa mtoni mwa mto wa kulalia, na vidogo zaidi huchukuliwa na wavulana, hufungwa kwa mfuko wa plastiki na kamba mpaka viwe duara, na huwa mpira wa kuchezea barabarani kati ya gereji na gereji. Mpira huo ndio huwaangusha kwenye changarawe, na kaptula hurudi uani kabla ya magharibi, imepasuka pale pale iliposhonwa.